Mkia mtupu: kisa cha modeli za ndege za Hitler na alama iliyokatwa

Chukua boksi la modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Hitler, linalouzwa Ujerumani, tuseme la kiwanda cha Revell, uangalie ile picha ya juu. Mchoraji kajitahidi mpaka basi, moshi unatoka kwenye bomba za injini, rubani anaonekana mpaka miwani, riveti karibu zote zipo, rangi ya chini ya bawa imechafuka pale pale ambapo ilikua inachafuka kweli. Afu macho yakifika mkiani, pale ilipokaa swastika, alama ya Manazi, hamna kitu. Kijivu kitupu. Maboksi mengine ya zamani waliweka kimraba cheusi ambacho hakijawahi kuwepo kwenye ndege yoyote ya nchi yoyote, mchoraji aliambiwa ajaze nafasi akajaza.

Mtu asiyejua atapita tu, ataona ndege. Mkusanyaji yeye anaona palipokatwa kabla hajaona kitu kingine, na hapo ndo ugomvi unapoanza, manake hawa ni watu wanaoweza kubishana wiki nzima kama kijani cha mgongo wa ndege mwaka 1940 kilikua kimekolea au la, sasa unawauzia ndege yenye kila kitu sawa isipokua kile kitu kikubwa kuliko vyote. Kundi moja linasema wanafuta historia. Kundi la pili linasema acheni utoto, ile ni alama ya wauaji, inaenda wapi kwenye shelfu la watoto. Mimi nadhani wote wawili wanaangalia sehemu moja ya mkia na kuna jambo limewapita, ila twende taratibu.

Kwanza tujue kilichokuwepo. Ndege za Ujerumani za vita ya pili zilikua na alama mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna msalaba mweusi wenye pindo nyeupe, ule wa kwenye mabawa na ubavuni, na kuna swastika, hiyo ilikaa mkiani. Msalaba ni alama ya jeshi, mizizi yake ni ya zamani kuliko Hitler, na jeshi la Ujerumani ya leo bado linatumia msalaba wa ukoo huo huo, kwa hiyo kwenye modeli hauguswi na mtu. Swastika ilikua alama ya chama, chama kikashika nchi kikaifanya bendera pekee ya taifa Septemba 1935, na mkiani ikapakwa kama bendera kabisa, mkanda mwekundu, duara jeupe, alama katikati. Vita ilipokaribia ule mkanda ukaondolewa, ikabaki swastika peke yake. Yaani ndege moja ina alama mbili, moja halali moja haramu, na kwenye modeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe, zimepishana sentimita chache.

Sasa sheria. Inaitwa kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kinakataza kutumia alama za vyama na vikundi vilivyopigwa marufuku kwa kupinga katiba, na adhabu ni faini au jela mpaka miaka mitatu. Kinachokatazwa ni kuisambaza, kuionyesha hadharani, na pia kuitengeneza au kuiingiza nchini ukiwa na nia ya kuisambaza. Kuwa nayo ndani kwako sio kosa, hili watu wengi hawalijui, wanadhani polisi anaweza kugonga mlango akague kabati. Afu kuna mlango wa kutokea: kama matumizi yanasaidia elimu ya uraia, sanaa, sayansi, utafiti, kufundisha, au kueleza matukio ya sasa na ya historia, basi sio kosa. Ndo maana makumbusho wanaonyesha sare zenye alama zote, filamu zinaonyesha bendera, kitabu cha historia kina picha na hamna anayeshtuka.

Mkusanyaji akisoma huo mlango anashangilia, anasema si historia hii, modeli yangu ni historia tupu, nimepima mpaka urefu wa antena. Na hoja hiyo haikuzaliwa jana. Ilifika mpaka mahakama ya juu ya makosa ya jinai, ile ya Karlsruhe inayoitwa BGH, na Aprili 1979 ikatoka hukumu kuhusu hizi hizi modeli za ndege za kivita zenye swastika zilizofanana na za kweli. Utetezi wa kufanana na ukweli haukupita. Hoja ya mahakama kuhusu kifungu hiki, na wameirudia kwenye kesi nyingi, ni kwamba lengo lake ni kuifanya alama iwe mwiko, isionekane kabisa kwenye maisha ya hadharani, manake ikianza kuzoeleka hata kwa sababu zisizo na ubaya siku moja wenye ubaya watajificha humo humo. Hawaangalii wewe mwenye modeli moyoni una nini. Wanaangalia mtaa utafananaje kama maelfu ya maboksi yenye hiyo alama yamepangwa madukani.

Nakubaliana na hiyo hukumu zaidi kuliko wakusanyaji wengi wanavyokubali, na nitasema kwa nini, ila kwanza muiweke pembeni ya nyingine. Machi 2007 mahakama hiyo hiyo ilisikiliza kesi ya muuzaji wa bidhaa za vijana wanaopinga ufashisti, beji na fulana zenye swastika iliyopigwa mstari, nyingine mtu anaitupa kwenye pipa la taka. Mahakama ya chini, Stuttgart, ilikua imempiga faini. BGH wakaifuta, wakasema kama upinzani dhidi ya ile alama unaonekana waziwazi kwa yeyote anayeitazama basi hilo sio kosa. Sasa hapo unaona kitu. Beji ya pipa la taka ina swastika na imepita. Modeli ya ndege ina swastika na haijapita. Tofauti yao ni kwamba beji inasema kitu na modeli haisemi. Modeli ni bubu. Ipo tu, inapendeza, inang'aa, na ukiiuliza wewe uko upande gani haina mdomo. Sheria ikikutana na kitu bubu chenye alama ile, inakisoma kwa tafsiri mbaya kuliko zote, na kwa historia ya ile nchi siwezi kuwalaumu.

Tukae kidogo kwenye namna viwanda vilivyojibu, manake hapa pana vituko.

Revell, ambao makao yao ni Bünde, Ujerumani kwenyewe, wao hawaweki kabisa. Karatasi ya stika (zile za kuloweka majini afu unaziteleza juu ya plastiki) ina misalaba, namba, nembo za vikosi, maandishi madogo ya kwenye tanki la mafuta ambayo huyasomi bila lensi, swastika hakuna. Viwanda vya nje navyo vilikua na shida yao, wao wanachapa karatasi moja kwa dunia nzima, Japani, Marekani, Ulaya, huwezi kila soko ulichapie lake. Kwa hiyo zikaja njia za mkato. Njia moja ni kuweka swastika zote kwenye kona ya karatasi ili mwagizaji wa Ujerumani achukue mkasi akate kona hiyo kabla ya kuuza, unafungua boksi unakuta karatasi imeng'atwa pembeni. Njia nyingine, na hii ndo naipenda kwa ujanja wake, ni kuigawa alama vipande viwili. Eduard wa Czech wanafahamika kwa hili. Unapewa kipande cha kushoto na kipande cha kulia, kila kimoja kikiwa peke yake ni vijistari vyeusi visivyo na maana, hakuna anayeweza kusema umemuuzia swastika. Ukifika nyumbani, mezani kwako, na kibano chako, ni wewe unayezikutanisha.

Wengi wanaita unafiki huu. Ni unafiki kidogo, sikatai. Lakini hebu angalia kilichotokea hapo: alama haijafutwa, imehamishwa kutoka mkono wa kiwanda kwenda mkono wa mnunuzi. Zamani ulifungua boksi ukabandika bila kufikiri kama unavyobandika namba ya ndege. Sasa kuna sekunde kadhaa ambazo umeshika kipande kimoja juu ya kingine na lazima uamue unafanya nini. Afu maamuzi yanaendelea, ukiamua kuipeleka modeli kwenye maonyesho Ujerumani unaifunika mkia kwa kikaratasi, ukiamua kuipiga picha na kuirusha mtandaoni pale ambapo kila mtu anaona, hapo umeshatoka kwenye kabati lako umeingia hadharani na kifungu cha 86a kinakuhusu. Ndo maana wauzaji wa Ujerumani wa vitu vya zamani picha zao zina vikaratasi vya rangi vimefunika mahali pale pale kwenye kila medali na kila kofia, na majumba ya mnada yanamtaka mnunuzi akubali kwa maandishi kwamba ananunua kwa ajili ya historia au utafiti. Kitu ni kile kile, kinachobadilika ni nani ameulizwa swali.

Kuna ambao wataniambia basi ni mambo ya Wajerumani na woga wao. Hapana, tena historia ya midoli yenyewe inachekesha kwa uchungu. Miaka ya 30 kiwanda cha O. & M. Hausser kilikua kinatengeneza vijisanamu vya jina la Elastolin, mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi juu ya waya, askari wa kila aina, na kulikua na Hitler mdogo mwenye mkono unaopanda na kushuka ili mtoto ampigishe saluti. Göring, mkuu wa jeshi lake la anga, yupo, Mussolini wa Italia yupo. Leo ni vitu vya wakusanyaji vya bei kubwa. Watoto waliocheza na Hitler wa mkono unaopanda ndo wale wale waliofika umri wa kuvaa sare miaka michache baadaye. Nani kasema midoli ni kitu kidogo?

Na waliojua kwamba sio kitu kidogo kuliko wote ni wao Manazi. Miezi minne hivi tangu Hitler ashike madaraka, tarehe 19 Mei 1933, serikali yake ikapitisha sheria ya kulinda alama za taifa. Sababu ni kwamba wafanyabiashara walikua wameshaibandika swastika kwenye kila takataka inayouzika, na chama kikaona alama yake inadhalilika. Vitu vikakusanywa na kupigwa marufuku. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba kukata swastika kwenye bidhaa ni mtindo wa siku hizi wa watu wenye ngozi laini, mwambie aliyeanza kuikata kwenye bidhaa ni Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, na wenzake, kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Wao waliiondoa kwenye vitu rahisi ili ibaki takatifu. Sheria ya baada ya vita inaiondoa ili isizoeleke. Pande zote mbili zilielewa kwamba kitu kinachouzwa dukani kwa bei ndogo kinafanya kazi kichwani mwa watu, wakusanyaji peke yao ndo wanaosema ati ni plastiki tu.

Haya, sasa niseme palipo na makosa, manake sheria ikiwa nzuri haimaanishi kila mkasi ni mzuri.

Ufini. Hiki ni kisa ndani ya kisa. Machi 1918 tajiri wa Kiswidi, Count Eric von Rosen, aliwapa Wafini wa upande wa Weupe, waliokua vitani na Wafini wenzao Wekundu, ndege aina ya Thulin Typ D, na juu yake alikua amechora swastika ya bluu, kwake ilikua alama ya bahati. Jeshi la anga la Ufini likaichukua ikawa alama yake rasmi, bluu juu ya duara jeupe, na ikakaa kwenye ndege zao mpaka 1945. Mwaka 1918 chama cha Nazi kilikua hakijazaliwa, kile kilichokuja kuwa hicho chama kimeanza Januari 1919. Kwa hiyo ukinunua modeli ya Brewster B-239, ile ndege ya Kimarekani ambayo Wafini walinunua 44 na wakaitumia vizuri kuliko Wamarekani wenyewe, alama yake ya bluu haikutoka kwa Hitler. Ila nayo hukutana na mkasi. Mara nyingine inakuja vipande viwili, mara nyingine kwenye picha ya boksi ndege imegeuzwa pembe ambayo mabawa hayaonekani vizuri, bahati mbaya sana.

Kisheria pana utata wa kweli hapo. Kifungu kinasema alama inayofanana na iliyokatazwa kiasi cha kuchanganya nayo inahesabiwa hiyo hiyo. Muuzaji wa Ujerumani aliye na duka dogo hataenda Karlsruhe kueleza tofauti ya bluu na nyeusi, ataikata tu alale usingizi. Hapo sio sheria inayokata, ni hofu ya biashara, na hofu siku zote inakata pana kuliko sheria.

Ila Wafini nao wasijitakase sana. Yule von Rosen baadaye alikua shemeji wa Göring, dada wa mkewe ndiye Carin aliyeolewa na Göring, na miaka ya 30 mwenyewe akawa kwenye siasa za kinazi za Uswidi. Tena kuanzia 1941 zile ndege za bluu ziliruka upande mmoja na Ujerumani dhidi ya Wasovieti. Jeshi la anga la Ufini lenyewe lilianza kuchoka kujieleza, kamandi yake ikaacha nembo yenye swastika karibu 2017 kimyakimya bila tangazo, dunia ikagundua 2020 baada ya mwanazuoni mmoja wa Helsinki kuuliza, na 2025 jeshi likasema bendera za vikosi zilizobaki nazo zitabadilishwa. Sababu waliyotoa haikua ya aibu ya historia. Ni kwamba wakikutana na majeshi ya nchi nyingine inaleta maswali yasiyopendeza. Ufini imeingia NATO 2023, wageni wamekua wengi.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dar hili la maana mbili halina ugeni wowote. Umepita mitaa ya Wahindi ukaona swastika nyekundu juu ya mlango wa duka au hekaluni, na hamna aliyewahi kufikiri kwamba mwenye duka anamshabikia Hitler. Mwanzoni mwa 2007 Ujerumani ilipokua inaongoza Umoja wa Ulaya ikapendekeza alama ipigwe marufuku nchi zote za umoja, Wahindu wa Uingereza ndo walisimama kidete wakisema kwa ajili ya miaka kumi na miwili ya Hitler mnatunyang'anya kitu cha maelfu ya miaka, na pendekezo likafa. Wajapani nao waliionja, mwaka 1999 kadi moja ya Pokémon ya Kijapani ilikua na ile alama ya hekalu la Kibudha inayoelekea kushoto, kelele zikapigwa Marekani, na toleo la Kiingereza likatoka bila hiyo alama. Hapo mimi naona walikosea waliopiga kelele na sio waliochora, lakini kampuni inayouzia watoto dunia nzima haina muda wa kufundisha Ubudha, ikakata.

Rudi kwenye ndege zetu. Kuna watu wanasema sasa mambo yamelegea, si michezo ya kompyuta imeruhusiwa. Ni kweli kwamba michezo ilikua inanyimwa ule mlango wa sanaa kwa miaka mingi. Wolfenstein 3D uliagizwa ukamatwe na mahakama ya Munich 1994, na Frankfurt 1998 mahakama ikasisitiza kwamba mchezo haustahili hata kama ndani yake unawaua Manazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ikafika mahali toleo la Kijerumani la Wolfenstein II la 2017 Hitler hana masharubu na hatajwi kwa jina lake, kituko kitupu. Agosti 2018 ile bodi inayopanga umri wa michezo, USK, ikatangaza kwamba kuanzia hapo itaangalia kila mchezo kivyake kama alama zina sababu ya sanaa au historia. Mmoja wa ya kwanza kupita ulikua Through the Darkest of Times, ambao unacheza kama kikundi cha raia wa Berlin wanaompinga Hitler kwa siri.

Sasa wakusanyaji wanauliza, mbona wao wamepita na sisi hatujapita? Jibu langu ni lile la ububu. Mchezo una hadithi, kuna mtu anasema, kuna mtu anakufa, kuna upande. Bodi inaweza kuutazama ikasema sawa, hii inasema kitu. Modeli ya Bf 109 inasema nini? Inasema ndege hii ni nzuri. Na kwa kweli ni nzuri, hilo ndo tatizo lake lote, walitengeneza zaidi ya 33,000 na umbo lake hadi leo linavutia watu ambao babu zao walirushiwa risasi nayo.

Na hapa ndo pale nilipodokeza mwanzoni. Pande zote mbili zinabishana kuhusu alama na hakuna anayeangalia kinachobaki alama ikitoka. Fungua karatasi ya maelekezo ya modeli ya aina hii uone. Utapewa ndege ya rubani fulani, mara nyingi maarufu: Adolf Galland, ambaye alichora Mickey Mouse kwenye ndege yake, na huyo Mickey Mouse kwenye stika yupo kamili, na sigara yake mdomoni. Hans-Joachim Marseille na namba yake 14 ya njano kule jangwani Afrika Kaskazini, ndege 158 alizohesabiwa kuangusha. Erich Hartmann, 352. Hesabu za ushindi zimechorwa mkiani kama michoro ya ubingwa, vijistari vimepangwa safu, na juu yake, pale ambapo pangekuwepo alama ya serikali iliyomtuma, ni kijivu. Umebaki na kijana hodari, ndege nzuri, panya wa katuni na namba. Umesafishiwa.

Kwenye vile visanamu vikubwa vya askari vya 1/6, vya viwanda vya Dragon na DiD wa Hong Kong, hali ni ile ile au mbaya zaidi. Koti lina vifungo vya kweli, buti za ngozi, usoni mpaka ndevu za siku mbili. Ikifika Ulaya ile sehemu ya mkononi au ya kofia imefunikwa, na kinachobaki ni mwanaume wa heshima amechoka na vita. Wajerumani wenyewe ilibidi wapambane na picha hiyo hiyo, kuanzia Machi 1995 taasisi ya utafiti ya Hamburg ilizungusha maonyesho ya picha na nyaraka kuhusu uhalifu wa jeshi la kawaida, sio SS tu, lile jeshi la chama cha Nazi, na nchi ikawaka moto, maandamano, bunge likajadili, manake familia nyingi zilikua zimeishi na imani kwamba baba alikua askari tu, wabaya walikua wengine. Kisanamu kisicho na alama kinairudisha imani hiyo kwa mlango wa nyuma, tena bila hata kukusudia.

Kama unadhani natia chumvi angalia mfano huu. Tarehe 26 Aprili 1937 kikosi cha Kijerumani cha Condor, pamoja na Waitaliano, kilipiga mabomu mji wa Guernica kule Hispania siku ya soko. Ndege zao kwa kua walikua wanajifanya ni za jeshi la Franco, jenerali wa Hispania aliyekua vitani na serikali yake, hazikua na swastika kama za nyumbani, mkiani walipaka nyeupe wakachora X nyeusi. Kwa hiyo ukinunua modeli ya Heinkel He 111 au Junkers Ju 52 yenye rangi za Condor, ni halali asilimia mia. Hakuna cha kukata, hakuna vipande viwili, picha ya boksi imekamilika mpaka ncha ya mkia, mtoto wa miaka kumi anaweza kununua Berlin mchana kweupe. Wakati Brewster ya Kifini ya rubani aliyekua analinda mji wake inafunikwa karatasi.

Kwa hiyo mimi kwenye huu ugomvi sitaki swastika irudi kwenye boksi. Hukumu ya 1979 ibaki, duka la midoli sio makumbusho, na anayeitaka mkiani kwake ana vile vipande viwili na ana meza yake. Ila nasikitika kwamba baada ya mkasi kazi ikaachwa hapo, kama vile kutoa alama kumetosha kueleza. Eduard angalau vijitabu vyao vina kurasa za historia kabla hujafika kwenye michoro, inaonyesha nafasi ipo na wanunuzi wanasoma, tena wanasoma sana, hawa ni watu wa kusoma mpaka aina ya mafuta yaliyotumika. Sasa pale panapoandikwa Galland na ndege zake na panya wake, weka aya nyingine pembeni: kikosi hiki kilitumwa na nani, kupiga wapi, nani alikua chini siku ile. Kwenye Heinkel ya Condor andika tarehe na jina la mji. Haihitaji ruhusa ya Karlsruhe, haivunji kifungu chochote, na wino wake ni mchache kuliko ule wa kuchapa maandishi ya tanki la mafuta ambayo hayasomeki.